Mtoto Aliye Chini ya Wastani

Iko nchi moja inaitwa Jamhuri ya Afueni, na tafadhali usiniulize imepakana na nani, maana hata majirani zake hawapendi kulizungumzia jambo hilo. Katika nchi hiyo hakuna wagonjwa wengi. Wapo wanaotapika, wapo wanaoanguka njiani wakatokwa na povu, lakini sheria ya Afueni inasema mgonjwa ni yule aliye tofauti na wenzake. Ukiumwa peke yako, pole, wewe ni mgonjwa na utatibiwa. Mkiumwa nyote, hongereni, hiyo ndiyo hali ya kawaida.

Kazi ya kujua nani yuko sawa na nani hayuko sawa ilikabidhiwa Ofisi ya Wastani wa Taifa. Mkurugenzi wake, Bwana Ngwali Kipepe, alikuwa mtu mpole, msafi, ananukia marashi, na hajawahi kumfokea mtu hata siku moja. Watu walimwogopa kuliko jela.

Sasa, ulikuwepo mji ulioitwa Bondeni. Serikali ikapeleka huko kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari. Kiwanda hakikuwa na mwenyewe, ila mwenyewe akija kukitembelea, mawaziri walisimama juani kumpokea. Moshi ukapanda, maji ya kiwandani yakashuka mtoni, na mto huo ndio uliojaza mabomba ya mji. Haukupita muda watu wakaanza kusema maji yamekuwa na utamu fulani hivi. Serikali ilifurahi, ikabadilisha jina la mji, ukaitwa Majitamu.

Watoto wa Majitamu wakaanza kusokotwa na matumbo, wakapauka, wakawa wasahaulifu. Walipoisahau hesabu ya kuzidisha, Wizara ya Elimu iliifuta hesabu ya kuzidisha, na matokeo ya mtihani yakapanda. Walipoanza kuanguka darasani, yakaletwa mazulia. Kwa kweli serikali ile ilikuwa sikivu, tusiseme uongo.

*

Dakta Mwajabu Kiluvya hakuwa shujaa. Nalisema hili mapema ili msije mkanilaumu. Alikuwa mtafiti wa sumu katika maabara ya chuo, mama wa mtoto mmoja, na mwoga wa kupindukia: akiona askari barabarani alikumbuka makosa ambayo hajayafanya. Kilichomponza ni kwamba alipima damu za watoto wa Majitamu, na mashine ikamwambia kitu ambacho hakuweza tena kulala nacho.

Waliomletea watoto ni akina mama wa mtaani kwake, na aliyewakusanya ni jirani yake, Mama Shomari, muuza vitumbua, mwanamke asiyejua kunong'ona. Mwanawe Shomari mkono mmoja ulikuwa unamtetemeka, na alikuwa anaanguka kifafa. "Dakta, mtoe damu," alisema. "Sisi wengine tukisema mtoto anaumwa tunaambiwa tunadeka. Wewe ukisema, itakuwa imesemwa."

Ikasemwa. Damu ya Shomari na ya wenzake wote ilikuwa imejaa madini ya risasi, yale yale ya kwenye betri. Madini hayo yakiingia kwa mtoto hayabishi hodi. Yanakaa kwenye mifupa, yanapanda kichwani, na akili inafifia kidogo kidogo, nayo ikishafifia hairudi ilivyokuwa. Dakta Mwajabu alilijua hilo kwa miaka mingi kutoka vitabuni. Sasa alikuwa anawajua na watoto wenyewe kwa majina.

Lakini watafiti wana desturi yao. Ukisema damu hii ni chafu, wenzio watakuuliza, chafu kuliko ipi? Lazima uweke pembeni damu safi ya kulinganishia. Dakta alitafuta mtoto mwenye damu safi Majitamu nzima, akamkosa. Mwisho akamgeukia binti yake, Tunu. Mtoto huyu alilelewa na bibi yake milimani, juu kabisa ya kiwanda, na mwaka huo ndio kwanza ameshuka kuishi na mama. Nyumbani alikunywa maji ya mvua tu, na ya shuleni alibebeshwa kwenye chupa, pamoja na amri moja ambayo mama yake aliirudia kila asubuhi: usinywe maji ya bomba, hata ukipewa na mwalimu.

Akamchoma sindano mwenyewe. Damu ya Tunu ilitoka safi kiasi kwamba mama mtu alikaa kwenye kiti cha maabara akalia kwa furaha. Akaiingiza kwenye ripoti, mstari wa mwisho, bila jina, na pembeni akaandika maneno ambayo mtafiti yeyote angeyaandika: "Mtoto huyu ni tofauti kabisa na wengine."

Ninyi mmeshaielewa sheria ya Afueni. Yeye, pamoja na usomi wake wote, wala haikumjia akilini.

*

Ripoti ilipofika Ofisi ya Wastani, aliitwa kwa Bwana Kipepe. Alipewa chai, akapewa na mto wa kuegemea.

"Dakta, ripoti yako imeniliza," alisema Bwana Kipepe. "Watoto wote wa Majitamu wako sawasawa. Wote. Tumejenga taifa hili kwa muda mrefu kutafuta usawa wa namna hii. Lakini huyu wa mwisho, masikini. Hana kabisa?"

"Hana, mheshimiwa."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Na ameishije mpaka leo?"

Dakta Mwajabu alidhani hakusikia vizuri. "Mheshimiwa, huyo ndiye mzima. Hao wengine ndio wenye sumu."

Bwana Kipepe alimtazama kwa huruma, ile ya mganga mbele ya mtu aliyechanganyikiwa. "Twende taratibu, Dakta. Sumu ni kitu kilichozidi, sivyo? Kimezidi nini? Kimezidi wastani. Na wastani wa watoto wa Majitamu ni upi? Ni huo huo walio nao. Sasa kimezidi wapi?" Akamimina chai nyingine. "Mji mzima uugue, apone mtoto mmoja? Hilo hata wewe huwezi kulitetea mahakamani."

Neno mahakamani lilipita kwenye mgongo wa Dakta likashuka mpaka visiginoni.

Bwana Kipepe akaeleza kwamba serikali imekwishaunda Kamati ya Taifa ya Kumnyanyua Mtoto Hadi Kwenye Wastani. Kamati ilikuwa na mwenyekiti, makamu wenyeviti, magari, fulana, na wimbo. Mtoto angechukuliwa akakae kituoni, apewe maji ya Majitamu asubuhi na jioni, na kwenye uji achanganyiwe vumbi kidogo la kiwandani, kwa ushauri wa wataalamu, mpaka damu yake ilingane na ya wenzake.

"Anaitwa nani, huyu mtoto?"

"Majina ni siri ya utafiti," alisema Dakta Mwajabu, na sauti iliyotoka haikuwa yake.

"Vizuri sana. Siri tunaiheshimu. Tutamtafuta wenyewe." Akamsindikiza mpaka nje, akamfungulia na mwavuli, kwa sababu kulikuwa na jua.

*

Redio ya Taifa ilianza kutangaza jioni hiyo hiyo. Raia wema walitakiwa kutoa taarifa wakimwona mtoto mwenye upungufu. Dalili zake zilisomwa moja baada ya nyingine na mtangazaji mwenye sauti ya msibani: mtoto hukimbia bila kuanguka, hula akashiba, hukumbuka alichotumwa dukani, na huuliza maswali. Wazazi walionywa kwamba hali hiyo ikiachwa inaweza kudumu maisha yote.

Dakta Mwajabu alizima redio. Alifunga mlango, akarudi kuangalia kama ameufunga, akarudi tena. Tunu alikuwa anaruka kamba sebuleni, anahesabu kwa sauti, na kila kamba ilipogonga sakafu mama yake alisikia buti.

"Acha kuruka, mwanangu."

"Kwa nini, mama?"

"Na usiulize kwa nini." Alimshika mabega. "Nisikilize. Shuleni usinyooshe kidole. Mwalimu akiuliza, nyamaza. Wenzio wakikaa, kaa. Umenielewa?"

"Nikijua jibu je?"

"Ukijua jibu ndiyo zaidi."

Walikuwa kwenye mazungumzo hayo Mama Shomari alipopiga hodi. Aliingia na sahani ya vitumbua imefunikwa kwa kawa, akaketi, akauliza habari za kazi, akamsifu Tunu kwa kunenepa. Dakta alimsogeza mtoto nyuma yake bila kujijua.

"Nimekuja kuuliza majibu, Dakta. Ya Shomari. Akina mama wananisumbua, na mimi ndiye niliyewaleta. Jana ameanguka tena, safari hii karibu na karai la mafuta."

Angemwambia. Maneno yalikuwa yamekaa ulimini: mto, kiwanda, usimpe maji yale. Lakini Mama Shomari, nilishawaambia, hajui kunong'ona. Likishafika kwake limefika sokoni, na likifika sokoni limefika kwa Bwana Kipepe kabla vitumbua havijapoa.

"Bado tunangoja," alisema Dakta. "Mashine zinachelewa."

"Basi tutangoja," alisema Mama Shomari. "Sisi tumekuamini wewe." Akaondoka. Vitumbua vilikaa mezani mpaka vikakauka, hakuna aliyeweza kuvila, na Dakta Mwajabu alijichukia usiku kucha.

*

Wiki hiyo Waziri wa Afya Tele, Mheshimiwa Faraji Ndomondo, alitembelea shule ya Majitamu. Alikuja na matarumbeta na maji yake mwenyewe ya chupa kutoka ng'ambo, ambayo aliyanywa kwa sababu za kiitifaki. Akahutubia.

"Katika Jamhuri ya Afueni," alisema, "kila mtoto ana haki ya afya. Na afya ni nini? Afya ni umoja. Afya ni mshikamano. Tumejenga vituo saba katika kila mkoa, na mikoa iko minane. Jumla ni vituo hamsini na vinne."

Watu walipiga makofi. Yalipotulia, sauti ndogo ikatoka safu ya nyuma. Mtoto hakunyoosha kidole, alikuwa ametii hilo. Alidhani tu kwamba Waziri atafurahi kusaidiwa.

"Hamsini na sita."

Wallahi, hata kuku waliacha kupekua. Mwalimu wa darasa alijifunika uso kwa khanga akaanza kulia. Waziri alimtazama msaidizi wake, msaidizi akahesabu kwenye vidole, vidole vikamwishia, akainamia sikio la mkubwa wake. Waziri akashuka jukwaani, akamwendea Tunu, akamshika kidevu kwa upendo mkubwa.

"Pole, mwanangu," alisema. "Imekuanza lini?"

*

Bwana Kipepe hakutuma askari. Alikuja mwenyewe nyumbani kwa Dakta, akavua viatu mlangoni, akakaa jamvini. Alimpa Tunu pipi, na Dakta akaipokonya ile pipi mkononi mwa mtoto kabla hajajua anafanya nini.

"Ninakuelewa," alisema Bwana Kipepe. "Mimi pia ni mzazi. Wangu wanasoma ng'ambo. Ndiyo maana sikutaka mambo ya pingu na mayowe. Kuna njia mbili, Dakta. Ya kwanza, Kamati inamchukua mtoto kesho, na utamtembelea akishafikia wastani. Ya pili, wewe ni msomi, na mashine ni chuma tu, chuma hukosea. Ukisema hadharani kwamba mashine ilikosea, kwamba mtoto wako yuko kama wenzake, basi hana upungufu. Na kama hana upungufu, Kamati itamnyanyua nani?"

"Na hao wengine?"

"Hao wako sawa. Ukisema ni wazima, mama zao watalala usingizi. Hebu fikiria, umewalaza wanawake mji mzima kwa sentensi moja."

Tunu alikuwa amekaa karibu na mama yake, anasikiliza, joto la bega lake linaingia kwenye ubavu wa mama. Mtoto huyu Dakta Mwajabu alimzaa kwa upasuaji, akamlea kwa simu, akamngoja ashuke milimani. Alimwona kituoni na bakuli la uji wa kijivu. Alijua uji ule ungempeleka wapi, na kwa mpangilio upi, maana ndiyo kazi aliyosomea.

"Nitasema," alijibu.

Bwana Kipepe alimshukuru kwa niaba ya taifa, akavaa viatu, akaufunga mlango polepole asiwasumbue.

*

Sherehe ilifanyika uwanjani. Palitandikwa zulia jekundu kutoka kwenye gari la Waziri hadi jukwaani, na kutoka jukwaani hadi chooni. Watoto wa Majitamu walipangwa mbele, kila mmoja amepewa kikombe cha maji ya bomba chenye picha ya kiwanda. Mama zao walisimama nyuma yao. Kamati iliimba wimbo wake wote, na beti zake hazikuwa chache.

Dakta Mwajabu alipanda ngazi. Aliwaona akina mama wale wale waliompa mikono ya watoto wao awachome. Mama Shomari alikuwa mstari wa mbele, amemsogezea uso kabisa, kama mtu anayesubiri kusomewa majibu dirishani hospitali.

Akasema. Alisema mashine ilikosea. Alisema binti yake yuko kama watoto wote wa Majitamu, na watoto wote wa Majitamu ni wazima. Aliyasema kwa haraka huku anatazama chini, na makofi yakalipuka. Alipoinua macho, Mama Shomari alikuwa hapigi makofi. Alikuwa ameshika kifua, anapumua, machozi yanamtoka, anamshukuru Mungu kwamba mwanawe ni mzima. Hilo ndilo lililomuumiza Dakta kuliko yote.

Alijua limekwisha. Akamshika Tunu mkono washuke.

"Bado, bado," alisema Waziri, akaivuta mikrofoni. "Ndugu wananchi, kwa kuwa imethibitika kisayansi kwamba mtoto Tunu ni mzima kama wenzake, serikali yake sikivu imempa heshima ya kunywa kikombe cha kwanza. Akishakunywa yeye, watoto wote watamfuata kwa pamoja."

Hilo Dakta hakuwa ameambiwa. Aligeuka kumtafuta Bwana Kipepe, akamkuta ameshasimama nyuma yake, marashi yanamtangulia.

"Kuna tatizo, Dakta?" aliuliza kwa upole. "Si umesema ni mzima?"

Tunu alisimamishwa juu ya kigoda. Mikrofoni ikashushwa mpaka kwenye kidevu chake, atoe neno la shukrani. Kikombe kikawekwa mikononi mwake. Mtoto akakitazama, akamtazama Waziri, kisha akamtazama mtu pekee aliyewahi kumpa amri juu ya maji.

"Mama," alisema, na uwanja mzima ukasikia. "Ninywe?"

Dakta Mwajabu alikuwa mtafiti, na akili yake ilimletea hesabu upesi: kikombe kimoja hakiui. Anywe, wapigiwe makofi, warudi nyumbani, leo hii hii wapande milimani kwa bibi. Ilikuwa hesabu sahihi kabisa. Kisha akateremsha macho akamwona Shomari. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono yote miwili, kwa sababu ule mkono mmoja unatetemeka, na maji yanamdondokea miguuni. Alikuwa hamtazami mtu mwingine ila Tunu, anangoja aanze ili naye asichelewe.

Hofu haikumtoka. Msije mkasema nimesema ilimtoka. Alikuwa anaogopa kuliko siku zote za maisha yake.

"Usinywe," alisema.

Alilisema kwa mtoto wake tu, kwa sauti ya chini, lakini mikrofoni ilikuwa pale pale. Wapiga matarumbeta hawakujua kama wapige. Waziri akaanza kupekua hotuba yake kutafuta mahali jambo hilo lilipoandikwa. Bwana Kipepe aliacha kutabasamu, akanyoosha kidole kimoja, mikrofoni ikazimwa, na wanaume wenye suti wakaanza kupanda ngazi.

Mama Shomari alisogea mpaka chini ya jukwaa. Safari hii hakupaza sauti. Alikuwa ameyafuta machozi yale ya shukrani kwa kiganja, uso wake umebaki mtupu.

"Na wangu, Dakta?"

Mkono ulikuwa umeshamfika Dakta begani. Hakuwa na mikrofoni tena, na maisha yake yote hakuwahi kupiga kelele mbele ya watu. Akapiga.

"Na wako. Wote. Nimewadanganya, Mama Shomari, nilimwogopea wangu. Maji haya yana sumu ya kiwandani, na damu zao zimejaa. Wasinywe."

Mama Shomari alikiondoa kikombe mikononi mwa mwanawe taratibu, kidole baada ya kidole, akakimimina chini. Mama wa pili akafanya hivyo hivyo, kisha wa tatu, kisha haikuwezekana kujua nani amefuata nani. Zulia la Waziri lililowa.

Dakta Mwajabu aliburutwa kushuka ngazi za nyuma. Alilia njia nzima, akaomba msamaha, akaahidi mambo ambayo hakuna aliyemwomba aahidi, maana mwoga ni mwoga. Waliposukuma kichwa chake kuingia ndani ya gari aligeuka mara moja tu. Tunu alikuwa mgongoni kwa Mama Shomari, mkubwa vile, miguu inaning'inia, na Shomari ameshika pindo la khanga wanakwenda. Akina mama waliwapisha, kisha wakasimama tena bega kwa bega, na askari walipowaambia wasogee hawakusogea.